Kunyimwa Jembe

Katika shule yetu ya wasichana, kule upande wa Handeni, mwanafunzi aliyefanya kosa hakupelekwa shambani kulima. Alikatazwa kwenda. Katika shule nyingine zote tulizozisikia jembe lilikuwa adhabu: umechelewa kengele, kalime, umeongea darasani, kalime, umejibu kwa jeuri, kalime mpaka uambiwe basi. Kwetu mwenye kosa alikalishwa kwenye benchi kando ya ukuta wa ghala, mikono mapajani, akawatazama wenzake wakilima. Nimewaona wasichana wakubwa, wengine wameshachumbiwa, wakilia juu ya benchi lile.

Aliyeanzisha utaratibu huo ni mwanamke tuliyemwita Bibi Shamba. Jina lake halisi tulilijua, lakini sikupata kumsikia mtu akilitumia, na sioni sababu ya kuanza mimi. Bwana Shamba kila mtu alimfahamu: yule mtu wa serikali mwenye baiskeli na kofia, aliyezunguka vijijini kuwahimiza watu wapande mihogo. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kilimo, kwa kuwa alikuwa mwanamke, akawa Bibi Shamba, ingawa siku zile hakuwa na umri wa kuitwa bibi. Alitoka wapi, mumewe alikuwa nani, alizaa au hakuzaa, kwa hayo wasichana tulikuwa na majibu mengi na hakuna lililolingana na jingine. Mimi nitasema niliyoyaona.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Shambani alivaa kaniki na viatu vya kiume visivyo na kamba. Kanisani alivaa viatu vilevile, vimepakwa mafuta. Ukimwamkia shikamoo aliitika marahaba akiwa ameshakupita, na kama ulikuwa na shida ilibidi umfuate nyuma ukiieleza. Wengi walikata tamaa njiani, na nadhani alikusudia hivyo.

Kwa sifa alikuwa bahili. Ukimwonyesha mahindi yaliyonawiri, wewe mwenyewe umeyapalilia mpaka viganja vimechubuka, aliyatazama, akazunguka upande wa pili, akasema, "Hayajafa." Hakukuwa na sifa kubwa zaidi ya hiyo. Kiranja wetu wa shamba, msichana wa Misima aliyeitwa Mwanahawa, aliwahi kuambiwa hayajafa mara mbili katika msimu mmoja, na kwa wiki kadhaa hatukuweza kumsogelea kwa maringo yake. Mimi nilikuwa msaidizi wa Mwanahawa. Yeye alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, mimi nilikuwa na uvumilivu, na Bibi Shamba alisema tukijumlishwa tunafika kuwa kiranja mmoja.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sikuwahi kumwona akijaribu kuyapatanisha. Mtu huyu aliyekuwa tayari kumshika nyoka kwa mti wenye panda na kumtupa ng'ambo ya mpaka, alimwogopa jongoo. Masika yakianza, na jongoo wa Handeni wakitoka kwa wingi wao, ungemkuta mwalimu wetu amesimama juu ya kisiki katikati ya shamba, uso mkavu, akitoa maagizo kutoka huko huko. Hakusema anaogopa. Alisema, "Hebu mmoja wenu aondoe uchafu huo." Tulikuwa tukiondoa taratibu sana.

Jingine ni maboga. Alisoma kwa wamisheni, na mila za wazee alizitaja kwa namna ya mtu anayetaja nguo alizovaa utotoni. Lakini kwenye maboga hakutania. Nyumbani kwetu tulikatazwa kunyooshea kidole boga changa, kwa kuwa litaoza; kama lazima uonyeshe, onyesha kwa ngumi. Siku moja msichana aliyekulia mjini Tanga alinyoosha kidole na Bibi Shamba akampiga mkono ukashuka. Msichana akauliza, kwa adabu, kama Bibi anaamini mambo hayo. "Siamini," akajibu. "Lakini boga haliniulizi mimi naamini nini." Tangu siku hiyo shule nzima tulionyesha vitu kwa ngumi, hata ramani ya dunia darasani, na mwalimu wa jiografia aliudhika sana.

Kamba za mkonge hakuzitaka shambani kwake. Hili lilikuwa gumu kulielewa, maana ukishuka tu kwenda Korogwe umeingia kwenye mkonge, na kamba zake zilikuwa kila mahali na ni imara. Yeye alitufanya tusokote kamba za magome kwa ajili ya kunyoosha mistari, kamba ambazo zilikatika, tukaziunga, zikakatika tena. Mwanahawa alimuuliza sababu. Alisema mkonge unawasha. Hiyo ni kweli, lakini si sababu, na hatukupata nyingine.

Misiba yote ya vijiji vya jirani alihudhuria, ya Waislamu na ya Wakristo, alikaa na wafiwa, alichota maji, alisonga bada, ule ugali wa muhogo, kwenye masufuria makubwa ingawa mkono wake kwa upishi ulikuwa mbaya. Kisha alirudi, akavua viatu, akasema, "Udongo wa pale makaburini ni mweusi, mzuri. Unakaa bure." Tulidhani ni ukatili. Baadaye nilizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Sasa nirudi kwenye benchi, maana mambo mengine yote yalitoka hapo. Mgeni angedhani sisi tulikuwa wasichana wa ajabu tuliopenda kulima. Hatukuwa hivyo. Bwenini tulikatazwa kusema Kizigua na Kishambaa; ukikamatwa ulivishwa kibao shingoni. Shambani hakuna aliyesikiliza. Tulipiga soga, tulisimuliana za nyumbani, tulisengenya walimu, tuliimba. Kule bondeni, pembeni mwa kijito, kulikuwa na miwa, na mwenye kumaliza sehemu yake aliruhusiwa kukata mmoja. Kukalishwa benchini maana yake ni kwamba yote hayo yanaendelea bila wewe, na unayaona. Wenzako wanacheka, nawe hujui wanacheka nini. Hilo ndilo lililoliza watu.

Shamba lenyewe lilikuwa la shule, ng'ambo ya kijito, na lilipakana na shule ya kati ya wavulana. Kwa miaka mingi hakuna aliyelitamani. Halafu wakubwa wa elimu wakaanza kusema kwamba msichana asomaye afundishwe kushona, kupika na kulea, jembe atalikuta kwa mumewe. Wavulana wakaomba wapewe shamba. Mwalimu wetu Mkuu, mama wa Kizungu asiyekuwa mbaya, hakutaka kumnyang'anya Bibi Shamba ghafla. Akamwambia hivi, na Bibi Shamba akatueleza sisi viranja bila kuongeza wala kupunguza: utafanyika mkutano wa wanafunzi viongozi wa kilimo, Korogwe, shule zenye mashamba zitapeleka viranja wao, Bwana Shamba Mkubwa wa jimbo atakuwepo kuwatazama. Kama wasichana wetu wataonyesha kwamba wanaweza kuongoza kazi ya shamba, shamba linabaki. Kama hawataweza, linakwenda kwa wavulana mara baada ya mavuno.

"Kulima mnaweza," alisema. "Hawaendi kutazama hilo. Wanakwenda kutazama mkisema, watu wanafanya?"

Nilipata wasiwasi, na niliona kwamba yeye anao zaidi. Alianza kutuamkia yeye kabla hatujamwamkia.

Akatufanyisha mazoezi. Kila jioni baada ya kazi Mwanahawa alisimama juu ya tuta na kuamrisha, sisi tukijifanya wavivu, wabishi, wagonjwa. Bibi Shamba alikaa pembeni akimsahihisha. Usipige kelele, kelele ni za mtu asiye na hakika. Usiamrishe jambo ambalo mkono wako haulijui. Usimbembeleze mtu mbele ya watu, na usimtukane mbele ya watu. Na mbishi, mnyime jembe, mkalishe, endelea na wengine. Mbishi atakuja mwenyewe kuomba. Hili la mwisho alilirudia mara nyingi kuliko mengine yote, kwa sababu alikuwa ameliona likifanya kazi mbele ya macho yake miaka yote.

Tulikwenda kwa lori la mzigo lililokuwa likirudi Korogwe, sisi wawili nyuma juu ya magunia ya mtama, Bibi Shamba mbele na dereva kwa heshima ya ualimu wake. Mwalimu Mkuu alitangulia kwa gari lake. Tulipita Misima, ambako mama yake Mwanahawa alikuwa amesimama barabarani kumpungia, na Sindeni, ambako hakuna aliyesimama kunipungia mimi ingawa ndiko kwetu, maana nilisahau kupeleka habari. Pale darajani Korogwe Bibi Shamba alitoa kichwa dirishani, akatazama mto, akasema maji mengi namna hii na watu wanalia njaa juu huko. Dereva akasema, "Mama, mto hauna miguu." Nadhani hilo lilimpendeza, kwa sababu hakujibu.

Mkutano ulikuwa kwenye shule moja ya wavulana. Tulikuta viranja wengi, wamevaa kaptula zilizopigwa pasi mpaka zimesimama. Wasichana tulikuwa sisi peke yetu. Watu wa jikoni walipotuona walidhani tumeletwa kuwasaidia, wakatupa vitunguu tumenye, na kwa kuwa tulilelewa kutii wakubwa tukamenya, mpaka Bibi Shamba alipokuja kututoa. Kwa wapishi hakusema neno. Sisi alituambia, "Hamkuwa na mdomo?"

Siku ya kwanza ilikuwa ya maneno. Kila shule ilieleza namna kiranja anavyowaongoza wenzake. Wavulana walisimama mmoja baada ya mwingine, wakataja kengele, mistari, kiboko na siku ya ziada kwa mkorofi. Walisema vizuri. Mwanahawa aliposimama akaeleza kwamba kwetu mkorofi ananyimwa jembe, ukumbi mzima uliangua kicheko. Bwana Shamba Mkubwa, Mzungu mrefu aliyekaa na mguu mmoja juu ya mwingine, aliinua mkono wakanyamaza. Akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Na hawa wengine wanafanya kazi?"

"Wanafanya, bwana," Mwanahawa akasema. "Na yule aliyekaa anaomba arudi."

"Hiyo nataka kuona," akasema, na hakuwa akidhihaki. Hicho ndicho kilichotupa moyo. Nilimtazama Bibi Shamba, aliyekaa nyuma pamoja na walimu waliosindikiza wanafunzi, nikaona amefumba macho kidogo. Nilidhani ni furaha. Sasa sina hakika.

Siku ya pili ilikuwa ya kazi. Nyuma ya shule kulikuwa na mteremko uliokwatuliwa majani, ukagawanywa vipande. Kila shule ilipewa kipande na kikundi cha wanafunzi wageni, wa kuongozwa kuinua matuta ya kukingama mteremko ili mvua isichukue udongo. Walimu waliosindikiza walikatazwa kusema lolote. Sisi tulipewa wavulana tu, wa shule zilizochanganywa, wengine wamekwisha kuota ndevu.

Mwanahawa alianza vizuri. Alipima kwa kamba, akaonyesha tuta la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akawagawa. Wakalima kidogo. Kisha mmoja, mnene, mchangamfu, akaegemea mpini wa jembe akasema, "Dada, mimi siamrishwi na mwanamke. Hata mama yangu ananibembeleza."

Wenzake wakacheka. Mwanahawa hakupiga kelele. Alimwendea, akamwambia kwa sauti ya chini, sawasawa na tulivyofundishwa, "Weka jembe. Nenda kakae pale. Leo hulimi."

Yule mvulana alimkazia macho. "Kweli, dada?"

"Kweli. Na ukae mpaka nitakapokuita."

Akaweka jembe. Pale alipoonyeshwa palikuwa na kivuli cha jengo la stoo. Akaketi, akanyoosha miguu, akajifuta uso kwa shati. Alikuwa na furaha ya wazi. Kosa hilo ni wanafunzi wa Bibi Shamba tu wangeweza kulifanya: kumwambia mvulana wa shule, saa ya jua kali, kwamba kwa ubishi wake atapumzika.

Habari ilienea upesi. Wa pili akatupa jembe akasema na yeye haamrishwi. Akapelekwa kukaa. Wa tatu alikuwa mtu wa adabu, alikuja mbele ya Mwanahawa akasema, "Na mimi nimekosa, dada. Jana niliiba ndizi jikoni." Mwanahawa alikuwa amechanganyikiwa, na kwake kanuni ilikuwa kanuni, akampeleka kivulini. Wakaja na makosa yao: mmoja alimtukana kaka yake, mmoja hakusali. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mwanahawa, acha, wanatuchezea," akasema, "Watarudi. Watakuja kuomba." Aliamini. Mpaka mwisho alikuwa akigeuka kutazama kama kuna anayenyanyuka.

Tukabaki sisi wawili kwenye kipande kile, tunalima. Vikundi vingine vilisimama kututazama. Tulilima kweli, na matuta yetu yalikuwa mazuri kuliko ya wengi, lakini nilitamani ardhi inimeze. Nilimtafuta Bibi Shamba kwa macho. Alikuwa amevua kiatu kimoja, anakikung'uta mchanga, anakivaa, anakivua tena.

Bwana Shamba Mkubwa alikuja mwisho. Alitembea juu ya matuta yetu, akayakanyaga kupima, akawatazama wale waliolala kivulini, akamgeukia Mwalimu Mkuu. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie, "Wasichana hawa wanalima vizuri sana. Kuongoza, bado." Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa. Hakuna zaidi lililosemwa, na hapakuwa na haja.

Kurudi nyumbani tulikaa sote watatu nyuma ya lori, juu ya magunia, kwa kuwa mbele kulikuwa na mgonjwa. Mwanahawa alilia kutoka darajani mpaka tulipokaribia Sindeni. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimekasirika pia, ingawa sikujua nimkasirikie nani. Bibi Shamba alikuwa ameshika ubavu wa lori na anatazama mashamba yanayopita. Hatimaye akasema, "Umefanya nilivyokufundisha."

Mwanahawa alipandwa na hasira niliyokuwa sijawahi kuiona kwa mtoto mbele ya mkubwa. "Bibi, ulitufundisha uongo. Sisi hatukulilia jembe hata siku moja. Tulililia miwa. Tulililia mazungumzo. Hakuna mtu anayelilia jembe."

Nilitazama magunia. Nilidhani atampiga kofi, na sidhani kama kuna mtu angemlaumu.

"Najua," Bibi Shamba akasema. "Wewe ulidhani miwa ile ilijipanda?"

Mwanahawa akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nilipofika shule ile wasichana walikuwa wanapelekwa shambani na kiboko. Nikapanda miwa kwanza. Nikawaacha waseme Kizigua chao. Halafu ndipo nikaweka benchi." Aliongea bila kututazama. "Humnyimi mtu kitu mpaka umempa kwanza. Wale leo uliwanyima nini? Uliwanyima jua. Lakini wewe hukuwa na kosa. La miwa sikukwambia. Limekaa siku nyingi mno, nikalisahau, nikaanza na mimi kudhani ni benchi linalofanya kazi."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyopata kumsikia akisema kwa mfululizo. Baada ya hapo alishuka Misima kunywa maji, na tulipopanda tena alizungumza na mke wa yule mgonjwa juu ya bei ya mtama.

Uamuzi ulikuja kama ulivyosemwa: baada ya mavuno, shamba ni la wavulana. Hakubisha. Aliomba jambo moja tu kwa Mwalimu Mkuu, kwamba wasichana wake wenyewe wang'oe mihogo iliyokomaa, akakubaliwa. Tukang'oa kwa siku kadhaa. Kila shina tulilong'oa alitutaka tukate kijiti na kukichomeka palepale, kama kawaida, kama kwamba msimu ujao tungekuwepo. Mwanahawa, ambaye tangu Korogwe alikuwa amepata ulimi, akauliza, "Bibi, tunawapandia wao?"

"Wao nani?"

"Wavulana."

"Wavulana hawana matumbo?" Akachomeka kijiti kilichokuwa mkononi mwake, akakanyagia udongo kwa kiatu, akaenda kwenye shina jingine. Alichomeka vizuri vilevile mpaka kona ya mwisho. Mimi nilikuwa nachomeka ovyo, akarudi nyuma yangu akavinyoosha vyangu kimoja kimoja.

Baada ya hapo alipewa kufundisha utunzaji wa nyumba. Kwa kweli hakuuweza. Alishona kama mtu anayefunga gunia, na wali wake wa somo la mapishi uliliwa na kuku. Hakulalamika, lakini hakujitahidi pia, na mwaka mmoja baadaye aliacha kazi, akajenga kibanda kwenye kijiji kilichokuwa karibu na shule. Watu walimpa kipande cha ardhi yenye mawe, kwa kuwa hakuwa na ukoo pale wa kumtetea apate nzuri. Mimi nilikwenda kusomea ualimu. Mwanahawa aliolewa Hale. Nasikia analima kando ya mto na hakuna mwanamume anayemweleza namna ya kulima.

Nilimwona Bibi Shamba kwa mara ya mwisho mwaka wa njaa. Waingereza walikuwa wangali wapo, ingawa watu walikwisha kuanza kusema mengi. Vuli haikunyesha na masika yalipita kwa mbali. Mtama ulikauka ukiwa mchanga, mahindi hayakubeba. Nilikuwa nafundisha Misima, na tuliposikia kwamba ile shule ya wavulana imefungua shamba lake la mihogo kwa watu wote, kila kaya fungu moja, nilikwenda na walimu wenzangu kuchukua fungu la nyumba yetu.

Mstari ulianzia kwenye kijito, ambacho sasa kilikuwa mchanga mtupu. Shamba nililitambua kwa umbo lake. Mihogo ilikuwa mirefu na imefungana, ndicho kitu pekee cha kijani upande ule wote. Wavulana walikuwa wakichimba, na kijana mmoja mwalimu, mwenye sauti nzuri, alisimama kwenye marundo akigawa. Alikuwa akiwaambia watu, si kwa majivuno mabaya, kwamba hii ndiyo faida ya kilimo cha shule, kwamba shule yao ililiona jambo hili mapema.

Bibi Shamba alikuwa mbele yangu kidogo katika mstari. Alikuwa amekonda mabega, na nywele zilizochungulia kwenye kilemba zilikuwa nyeupe. Viatu vilikuwa vingine, lakini navyo vya kiume. Niliomba radhi kwa watu nikasogea mpaka ubavuni kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Wewe ni yule msaidizi."

"Ndiyo, Bibi. Hujambo?"

"Nimesimama," akasema.

Hakuniuliza habari zangu. Tukasogea na mstari. Yule mwalimu alirudia maneno yake kwa watu wapya waliofika, na safari hii yaliniumiza. Nilimwinamia Bibi Shamba sikioni.

"Bibi, nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba shamba hili ni lako. Kwamba mbegu hii uliipanda wewe kwa mikono yako. Hajui. Akijua hatakuacha usimame hapa juani."

Aligeuka nyuma, akautazama mstari. Ulikuwa umevuka kijito na kupanda upande wa pili, wanawake na watoto, na wazee waliokaa chini kila mstari uliposimama. Aliutazama wote, taratibu, kama alivyokuwa akitazama matuta.

"Ukimwambia atanipa zaidi," akasema. "Halafu kuna mtu huko nyuma ataambiwa yamekwisha."

Zamu yake ikafika. Yule mwalimu alimwita mama, akamchagulia fungu kama la kila mtu, mizizi michache, mingine myembamba kama kidole cha mtoto, akamwambia Mungu atajalia. Bibi Shamba akashukuru. Aliifunga kwenye kanga, akavuta fundo, akakunja nguo kichwani kuwa kata.

"Nitwishe," akaniambia.

Nikamtwisha. Ulikuwa mzigo mwepesi mno.